Majina ya Wajerumani kwenye sayansi: yabaki au yang'oke?

Mleta mada: Wakuu, kila ukifungua kitabu cha fizikia unakutana na Mjerumani: Ohm, Hertz, Planck. Jina la mtu halimfundishi mwanafunzi chochote. Röntgen mwenyewe, alipogundua miale yake mwaka 1895, aliiita X kwa sababu hakujua ni kitu gani. Wajerumani wenzake ndio wanaoita kwa jina lake. Sisi tunasema eksirei, na mfupa uliovunjika unaonekana vilevile. Tuweke maneno yanayoeleza kazi.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umewahi kuuliza hayo majina yana maana gani? Ohm ni neno la kale la Kijerumani: mjomba, yule kaka wa mama hasa! Geiger ni mpiga fidla, mwenzake Müller ni msaga nafaka. Mwaka 1928 wawili hao wakatoa kile kifaa kinacholia tik-tik penye mionzi. Schwarzschild ndiye kiboko. Jina lake ni ngao nyeusi, na mwaka 1916, akiwa mwanajeshi katika vita kuu, alichapisha hesabu ambayo leo ndiyo inayotupa mpaka wa shimo jeusi, lile eneo la angani ambalo hata mwanga hautoki. Sadfa tupu, maana jina "shimo jeusi" lilikuja miaka mingi baada ya kifo chake, lakini mwambie mwanafunzi uone kama atasahau.

Wanasayansi wenyewe pia hutania. Mwanafizikia Kelvin aliligeuza ohm, kipimo cha ukinzani wa umeme, nyuma mbele akapata mho, kipimo cha upitishaji umeme. Mwaka 1971 siemens ikawa kipimo rasmi, jina la Mjerumani mwingine. Mjomba kasimamishwa kichwa chini, kisha kafukuzwa.

Mchangiaji wa pili: Mimi chuoni nilimaliza muhula mzima nikidhani Eigen wa zile vekta za hisabati ziitwazo "eigenvector" ni profesa fulani. Kumbe ni neno la kawaida tu, "-a mwenyewe".

Mleta mada: Haya, mjomba abaki. Sasa daktari Reiter je? Maana yake mpanda farasi. Ugonjwa wa viungo unaofuata maambukizi ulibeba jina lake, hadi madaktari wengi walipoliacha kwa kuwa alikuwa Mnazi, mfuasi wa Hitler, aliyehusika na majaribio ya chanjo kwa wafungwa wa kambi ya Buchenwald. Na huyo tumfundishie kwa farasi wake?