Mjadala: Masinki ya ICU yang'olewe au yabaki?

Mleta mada: Wakuu, heshima zenu. Mwaka 2014 hospitali ya chuo kikuu cha Radboud huko Nijmegen, Uholanzi, iling'oa masinki yote kwenye vyumba vya ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi. Maji ya bomba hayasogei kitandani: mgonjwa anafutwa kwa vitambaa vyenye unyevu, dawa inayeyushwa kwa maji ya chupa, mhudumu anatumia kitakasa mikono. Walichapisha matokeo 2017. Wagonjwa kukutwa na bakteria wa gramu hasi (kundi la bakteria ambao wengi wao hupenda unyevu na husumbua hospitalini) kulishuka kutoka 26.3 hadi 21.6 kwa kila siku 1,000 za kulazwa, na waliolala wiki mbili au zaidi ndio walionufaika zaidi.

Ubaya hasa uko chini ya tundu la sinki, kwenye ule mpindo wa bomba usiokauka. Kuna utelezi pale, na Pseudomonas, mmoja wa bakteria hao, akishajikita humo klorini haimtoi kirahisi. Hospitali moja ya Toronto, Kanada, ilikuwa na mlipuko wa Pseudomonas kati ya 2004 na 2006, wagonjwa 36. Wachunguzi walitia rangi inayong'aa kwenye tundu, wakafungua koki. Matone yalirukia umbali wa mita moja, hadi sehemu ya kuandalia dawa! Sasa fikiria mwenye kisukari, au aliyetoboka utumbo akapasuliwa jana.

Msimamo wangu: ICU mpya tunazojenga, sinki likae nje ya mlango.

Mchangiaji, nesi: Mkuu, umewahi kukesha zamu? Miaka yote tunalilia maji wodini. Ripoti ya WHO na UNICEF ya 2020 inasema kituo 1 cha afya kati ya 4 duniani hakina hata huduma ya msingi ya maji, halafu wewe unataka kung'oa. Pili, kitakasa mikono hakiui mbegu za Clostridium difficile, yule wa kuhara baada ya antibayotiki. Huyo anataka sabuni na maji yanayotiririka. Tatu, vitambaa vya Uholanzi atanunua nani? Ndugu wa mgonjwa, ambaye hata glavu tunamwandikia akanunue?

Mleta mada: Sista, sijasema msinawe. Nimesema nje ya mlango, hatua chache tu. Hebu tuambie ukweli, maji ya kumwogeshea mgonjwa mnamwaga wapi?

Nesi: Nitakujibu bila kupepesa. Saa kumi alfajiri, tuko wawili, chumba cha kumwagia uchafu kiko mwisho wa korido. Yanaishia kwenye sinki la kunawia. Na uji uliobaki kwenye mpira wa kulishia, na dripu ya sukari iliyobaki, na antibayotiki iliyozidi. Kila mtu anajua.

Mchangiaji mwingine: Hapo ndipo penyewe. Watafiti wa Virginia, Marekani, walionyesha mwaka 2017 kwamba bakteria kwenye mpindo, wakipewa chakula, wanapanda bomba kuelekea juu kama sentimita 2.5 kwa siku hadi wanafika kwenye chujio la tundu la sinki. Uji na dripu ya sukari ndicho chakula chenyewe. Antibayotiki mnayomwagia juu yake inabakiza wale sugu. Ila tusiikuze Nijmegen: kilichopungua pale ni kukutwa na bakteria, si vifo. Na walilinganisha kabla na baada katika hospitali moja, kwa hiyo huenda kuna mengine yaliyobadilika.

Fundi bomba: Nisemee upande wangu. Sinki likiwa halina kina na koki ikimimina moja kwa moja tunduni, lazima lirushe. Mnataka sinki lenye kina, koki imimine pembeni ya tundu, na kizuizi kati yake na kitanda. Michoro inakuja na masinki mazuri ya kutazama tu. Na msisahau koki zenyewe: Belfast, Ireland Kaskazini, mwaka 2012 watoto wachanga watatu wa wodi moja walifariki, Pseudomonas akakutwa kwenye koki. Kwetu maji yanalala kwenye simtanki siku nzima juani, halafu mgao.

Mleta mada: Fundi, kizuizi sawa, nakubali kwa majengo yaliyopo. Kwa mapya bado nasema nje. Na chumba cha uchafu kisogezwe karibu na vitanda kabla ya kuchora kitu kingine chochote. Nesi, hilo nalo unalipinga?

Nesi: Hilo silipingi. Lakini nipeni na mtu wa tatu kwenye zamu.