Je, sababu ya kifamilia inafaa katika barua ya kuomba kufanya kazi na watoto wenye usonji?

Mwanafunzi wa Mwaka wa Tatu:
Habari zenu, ndugu zangu. Ninasoma saikolojia chuo kikuu, na sasa ninaandika barua ya kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika kitengo cha watoto wenye usonji (autism) hapa Dar es Salaam. Barua inatakiwa ieleze kinachonisukuma, na hapo ndipo ninapokwama.

Kilichonileta kwenye saikolojia ni mtoto wa mama yangu mdogo. Alifika miaka 5 bila kusema neno. Alikuwa akivipanga visoda kwa rangi, mstari mmoja, tangu asubuhi hadi jua likichwea, na mtu akigusa hata kimoja alilia mpaka akapaliwa. Baadhi ya ndugu walimlaumu mama mdogo kwamba amemdekeza, wengine wakasema kuna jambo alilolitenda akiwa mjamzito ndilo linalomrudia. Nilipofika chuoni nikasoma kwamba, miaka ile baada ya Leo Kanner, daktari wa akili aliyefanya kazi Marekani, kuandika juu ya watoto 11 wenye hali hii mwaka 1943, wapo wasomi wa Marekani waliofundisha kuwa usonji unaletwa na mama asiye na upendo, nililia maktabani. Yalikuwa maneno yale yale ya ukoo wetu, ila yamevaa joho.

Je, sababu kama hiyo inafaa kuandikwa, au itaonekana kuwa ni huruma tu? Na ninyi mnaoifanya kazi hii, huruma iliwatosha?

Mwalimu wa Kitengo:
Mdogo wangu, iandike. Mimi nilisomea elimu maalumu katika chuo cha ualimu Patandi, Arusha, na niliingia darasani nikiwa na huruma nyingi kuliko maarifa. Muhula wa kwanza nilimvalisha mtoto mmoja viatu kila siku, mpaka mama yake akaniambia kwa upole kwamba nyumbani anavivaa mwenyewe.

Kilichonibakiza kazini ni hamu ya kuelewa. Tulikuwa na mtoto wa miaka 7 aliyenijia kila siku kama saa nne asubuhi na kuniuliza, “Unataka maji?” Nikawa namjibu, “Hapana, ahsante,” naye anaanza kujipiga kichwani. Ilinichukua wiki mbili kung’amua kwamba alikuwa anaomba maji, kwa kulirudisha swali vile vile alivyolisikia akiulizwa yeye. Kanner aliliona jambo hili kwa watoto aliowachunguza, “mimi” na “wewe” kubadilishana nafasi, lakini katika Kiswahili tofauti yote inabebwa na silabi moja iliyo mwanzoni mwa kitenzi, kwa hiyo ni rahisi mno kwa mtu mzima kuisikia kama swali la kawaida. Tulimpa kadi yenye picha ya kikombe, tukamwongoza mkono mara nyingi, na siku alipokuja peke yake akaniwekea kadi ile kiganjani, nilijua kwamba nitaendelea na kazi hii.

Mama wa Kijana wa Miaka 14:
Mwanangu, nakupongeza kwa kumkumbuka mama yako mdogo, maana lawama zile nazijua. Nina maombi mawili. La kwanza, usiandike kwamba unataka kuwaponya. Usonji si homa. Mwanangu amezaliwa nao, na ninachokihitaji kwa mtaalamu ni amsaidie kusema anachotaka, kuvumilia kelele za daladala na kujihudumia. La pili, fikiria siku ya kuondoka. Wanafunzi huja kwa wiki chache, watoto wakawazoea, kisha wakatoweka bila kuaga, na kwa mtoto ambaye utulivu wake wote unategemea ratiba isiyobadilika, pengo hilo ni zito. Mwanangu alimsubiri mmoja wao getini kwa karibu mwezi mzima. Andika jinsi utakavyomwandaa mtoto kwa kuondoka kwako. Mimi ningeisoma barua hiyo mara mbili.

Mwanasaikolojia:
Naunga mkono waliotangulia. Aliyeichambua na kuipinga nadharia ile ya kuwalaumu akina mama, katika kitabu alichokitoa mwaka 1964, ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwanawe alikuwa na usonji. Uingereza, daktari Lorna Wing, mama wa binti mwenye usonji, mwaka 1979 alionyesha pamoja na Judith Gould, kwa kuwachunguza watoto wa Camberwell, London, kwamba hali hii ina sura nyingi kuliko zile alizozieleza Kanner. Kwa hiyo sababu ya kifamilia haipunguzi taaluma. Hatari yake ni kumwona binamu yako katika kila mtoto, basi omba msimamizi utakayeweza kumweleza jambo hilo bila kuogopa. Simulizi liwe aya moja. Baada yake eleza unachoweza kufanya, kwa mfano kuandika kila siku kilichotangulia kabla mtoto hajaanza kulia na kilichofuata baadaye.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Tatu:
Nawashukuruni sana. Mama, sentensi ya kuponya ilikuwepo, nimeifuta, na aya ya kuaga nimeiongeza. Jana usiku nilimpigia mama mdogo kumwomba ruhusa ya kumwandika mwanawe. Amekubali, mradi nisimtaje jina, na amesisitiza niandike pia kwamba siku hizi anafunga vifungo vya shati mwenyewe.