Kulinganisha riwaya za mapenzi za vijana na muvi zake: mnaanzia wapi?

ukurasa_wa_mwisho

Wakuu, naomba msaada. Nataka kuandika uchambuzi wa riwaya za mapenzi za vijana na muvi zake. Nimechagua tatu: The Fault in Our Stars, To All the Boys I've Loved Before na Five Feet Apart. Tatizo, kila nikianza naishia kuorodhesha tu: hiki hakipo, yule kaondolewa, mwisho umegeuzwa. Nikifika ukurasa wa pili nimeshaandika "kitabu ni kizuri zaidi" na sina la kuongeza. Ninyi mnafanyaje? Nisome kwanza au nitazame kwanza? Nihesabu nini, niache nini?

Mzee wa Pambizo

Soma kwanza. Ukishamwona Shailene Woodley kwenye muvi ya The Fault in Our Stars na mirija ya oksijeni puani, Hazel, yule msichana mwenye saratani anayemwigiza, hatakuwa na sura nyingine kichwani mwako, na baada ya wiki hutajua kipi ulikisoma na kipi ulikiona. Hilo ndilo kosa kubwa la chambuzi nyingi: mtu analinganisha muvi na kumbukumbu yake ya kitabu, wala si kitabu chenyewe.

Ukisoma, kila tukio liandikie mstari mmoja kwenye daftari: nani yupo, wapi, nini kinabadilika, ukurasa wa ngapi. Usiandike zaidi ya hapo, utachoka kabla ya sura ya tano. Kisha itazame muvi mara mbili. Mara ya kwanza usisimamishe hata kidogo, iache ikufanye inavyotaka. Mara ya pili daftari liwe mapajani, usimamishe kila tukio linapokwisha na kuandika dakika. Pembeni weka alama: B limebaki, G limegeuzwa, O limeondolewa, M ni mpya kabisa. Hizo M zitazame kwa jicho kali, maana mwandishi wa muswada wa muvi hapotezi dakika kwa tukio ambalo kitabu hakikumpa bila shida fulani anayotaka kuitatua.

Baada ya hapo chukua mambo manne tu: wanapokutana, busu la kwanza, wanapoachana, wanaporudiana (au wanapotengana moja kwa moja). Yageuze yawe asilimia. Tuseme kitabu kina kurasa 320 na busu liko ukurasa wa 112: hiyo ni 35%. Muvi ni dakika 99, toa kama 6 za majina ya mwisho, zinabaki 93, na busu liko dakika ya 28: 30%. Wengi husahau kutoa majina, hesabu yote inayumba. Na kama unasoma kwenye simu usitumie namba za kurasa, kwa sababu ukikuza herufi zinabadilika. Tumia asilimia inayoonyeshwa chini ya skrini.

Binti Kurasa

Mzee, hesabu yako naiheshimu, lakini itamwambia tu WAPI pamebadilika. Haitamwambia kwa nini panauma.

Riwaya hizi karibu zote zimeandikwa kwa nafsi ya kwanza. Msomaji hapendi kijana yule wa kiume kwa sababu ni mzuri. Anampenda kwa sababu yumo ndani ya kichwa cha binti anayempenda. Kamera haiingii kichwani. Kwa hiyo swali la kwanza la uchambuzi wako, kabla ya "nani kaondolewa", liwe hili: ile sauti ya ndani imepelekwa wapi? Mahali pa kuipeleka ni pachache. Inasemwa juu ya picha na mhusika mwenyewe. Inakuwa maongezi, yaani anatafutiwa mtu wa kumwambia. Inakuwa picha ya kuwaza. Au inakuwa tendo la mwili.

To All the Boys (kitabu 2014, muvi 2018) imefanya karibu yote hayo. Inafungua kwa Lara Jean akijiona ndani ya riwaya ya kale, yuko kondeni na gauni refu, kumbe yuko chumbani anasoma. Sekunde chache tu na umeshajua kuwa huyu mapenzi anayajulia vitabuni. Halafu angalia pale Peter, kijana anayeigiza naye kuwa wapenzi, anapoweka mkono kwenye mfuko wa nyuma wa suruali ya Lara Jean na kumzungusha katikati ya watu. Hakuna aliyesema neno, ila yale ambayo kitabu kingemaliza aya nzima kuyaeleza (ni maigizo au ni kweli?) yameshaingia.

Everything, Everything ni mfano mwingine mzuri, hata kama haumo kwenye tatu zako. Kitabu cha 2015 kimejaa jumbe, michoro na vijikaratasi. Muvi ya 2017 ingeweza kutuonyesha skrini za simu saa nzima tukasinzia. Badala yake wale wawili wanaotumiana ujumbe wanawekwa uso kwa uso ndani ya majengo ya kufikirika ambayo binti huyatengeneza kwa vielelezo vidogo, na mwanaanga anapita nyuma yao. Hapo neno "wameondoa jumbe" litakuwa uongo. Jumbe zimo zote, zimebadilishiwa makazi.

Mzee wa Pambizo

Nimekubali. Basi aongeze safu ya tano kwenye daftari: "sauti ya ndani imekwenda wapi". Ila asiache kuhesabu, la sivyo atabaki anasifia sifia tu.

kipepeo22

Kitabu ni kizuri zaidi, siku zote. Mada ifungwe 😂

Binti Kurasa

kipepeo, ndiyo hiyo sentensi anayoikimbia mwenzako.

Nirudi kwa The Fault in Our Stars, maana ndiyo ngumu kati ya zile tatu. Kwa juu muvi ya 2014 ni tiifu mno, mistari mingi imebebwa ilivyo, na Hazel anasikika juu ya picha. Wanaotafuta tofauti hukata tamaa. Lakini kuna wawili wametoweka: Kaitlyn, rafiki wa Hazel asiye mgonjwa, na Caroline Mathers, msichana aliyekufa kwa saratani, aliyekuwa mpenzi wa Augustus (Gus) kabla ya Hazel.

Usiishie kuandika "Caroline hayupo". Uliza alikuwa amebeba mzigo gani. Kitabuni Hazel anaukuta ukurasa wa Caroline mtandaoni, anaona walivyofanana, anasoma rambirambi. Pale ndipo ile hofu yake ya kuwa bomu litakalowalipukia wanaompenda inapopata ushahidi: imeshamtokea Gus mara moja, na yeye atakuwa wa pili. Ukimtoa Caroline, hofu inabaki lakini inasimama kwa mguu mmoja, yaani wazazi wake na afya yake. Na Gus naye anapungukiwa. Wa kitabuni anajua anachokifanya anapompenda msichana mgonjwa, kwa sababu alishakifanya. Wa kwenye muvi anaonekana jasiri zaidi, na mwepesi zaidi. Kwangu hiyo ndiyo tofauti kubwa ya muvi nzima, na imetokana na mtu ambaye hata kitabuni alikuwa marehemu tangu mwanzo.

fundi_muswada

Niongeze upande wa jikoni. Ukurasa mmoja wa muswada uliopangwa kwa utaratibu wa kawaida huhesabiwa kama dakika moja ya picha. Muvi hii ni dakika 126, kwa hiyo jumla yake ni muswada wa kurasa mia na ushee, zenye nafasi nyeupe tele, dhidi ya riwaya ya kurasa zaidi ya 300 zilizojaa. Kwa hiyo swali la "kwa nini wamekata" halina maana sana. Kukata ni lazima. Swali ni kwa nini wamekata HIKI wakaacha KILE.

Kanuni ya jikoni ni kuunganisha. Safari mbili huwa moja. Tazama barua ya Gus, zile kurasa alizoandika kuhusu Hazel na kumtumia Van Houten, mwandishi wa riwaya anayoipenda Hazel: kitabuni Hazel anazisaka, na mwishowe Lidewij, aliyekuwa msaidizi wa Van Houten, ndiye anayezipata na kumtumia kwa barua pepe. Kwenye muvi Van Houten mwenyewe anamletea siku ya mazishi, ndani ya gari. Mtu mmoja, mahali pamoja, kazi mbili. Umeokoa muda, lakini tazama ulicholipa: mlevi yule mkorofi amepewa nafasi ya kutenda jema ambalo kitabu hakikumpa. Huyo si Van Houten yule yule.

Kuhusu miisho, usilinganishe kitabu kimoja na muvi moja kabla hujajua kama ni mfululizo. Muvi ya kwanza ya To All the Boys imemeza kitabu cha kwanza na kuuma kipande cha cha pili. Ile video ya Lara Jean na Peter kwenye beseni la maji ya moto inayosambaa mtandaoni ni ya kitabu cha pili, P.S. I Still Love You. Na kitabu cha kwanza hakimalizi kwa busu uwanjani kama muvi: kinamwacha Lara Jean anaanza kumwandikia Peter barua. Anayesoma kitabu kimoja tu atasema muvi imebuni furaha ya uongo. Haikubuni, imekopa. Mwandishi wa riwaya ana kitabu cha pili cha kukuvuta. Muvi ya 2018 haikuweza kukuacha hewani ikitegemea muvi nyingine, ikakupa hitimisho.

Halafu usizime majina yanapoanza kupita. John Ambrose, kijana mwingine ambaye Lara Jean aliwahi kumwandikia barua ya mapenzi, anabisha hodi katikati ya majina, akiigizwa na mtu mmoja. Muvi ya pili ya 2020 ilipotoka kaja mwigizaji mwingine. Ukiandika kuhusu pembetatu ya mapenzi bila kuona hilo, watu watakukosoa.

ukurasa_wa_mwisho

Asanteni sana, mmenifungua macho. Sasa Five Feet Apart imenishinda kabisa. Nimejaribu alama za Mzee, karibu zote ni B. Kitabu na muvi ni kama pacha. Nakosea wapi?

fundi_muswada

Hukosei. Umegeuza mshale tu. Kitabu kile cha 2018 hakikuzaa muvi. Muswada wa Mikki Daughtry na Tobias Iaconis ndio uliotangulia, Rachael Lippincott akauandika kuwa riwaya, ikatoka miezi michache kabla ya muvi ya 2019. Kwa hiyo badala ya kuuliza "muvi imekata nini", uliza "riwaya imeongeza nini".

Ukigeuza hivyo, majibu yanamiminika. Riwaya inapokezana sura kati ya Stella na Will, wale wagonjwa wawili wanaopendana, kwa hiyo Will anapata kichwa chake mwenyewe, wakati muvi inamtazama zaidi kutoka nje. Na mwisho: kwenye muvi Will anaondoka, taa zinawaka nyuma ya kioo, basi. Riwaya inaongeza sehemu fupi ya baadaye, wanaonana uwanja wa ndege. Ukiwa na kurasa huhitaji kulipia taa wala waigizaji wa ziada, unaweza kumpa msomaji kidirisha.

Sheria inayobeba hadithi yote ni umbali: wagonjwa wa ugonjwa wao wa mapafu hutakiwa kukaa futi 6 kutoka kwa mwenzao, nao wanajirudishia futi 1. Kwenye karatasi "futi 5" ni maneno, msomaji anaweza kuyasahau kwa kurasa tatu. Kwenye picha huwezi kusahau, kwa sababu fimbo ya kuchezea pool (biliadi) iko katikati yao na unaiona. Andika aya nzima juu ya fimbo hiyo. Hapa muvi imeshinda, sema wazi.

Binti Kurasa

Hapo naunga mkono. Ila usiziweke tatu zote kwenye meza moja kana kwamba ni kitu kimoja. Mbili ni riwaya zilizogeuzwa muvi, moja ni muswada uliogeuzwa vyote viwili. Liseme hilo kwenye aya ya kwanza kabisa.

Mzee wa Pambizo

La mwisho la ufundi: hakikisha unasoma toleo kamili. Kuna matoleo yaliyofupishwa kwa wanaojifunza lugha, na mengine yana picha za waigizaji jaladani hivyo hivyo. Ndani ya jalada huwa imeandikwa kama limefupishwa. Na ukinukuu maneno ya wahusika usiyachukue kwenye maandishi ya chini ya skrini, hasa yakiwa yametafsiriwa. Hukatwa ili yatoshe mistari miwili, na mara nyingi kinachokatwa ni utani. Sikiliza, rudisha nyuma, andika mwenyewe.

ukurasa_wa_mwisho

Nimeanza upya na Caroline. Aya ya kwanza ni juu yake tu. Nikimaliza nailetea hapa mnichanechane.