Mtalaka na mke mpya katika riwaya ya Paula Hawkins

Swali: Ndugu wasomaji, katika The Girl on the Train (2015), Rachel na Tom wameachana bila kupata mtoto, kwa nini basi Rachel hawezi kujitenga na nyumba ambamo Tom sasa anaishi na Anna na binti yao?

Jibu: Naamini kinachomfunga ni kumbukumbu zilizopotoshwa, kwa kuwa Tom alitumia ulevi wa Rachel kumwaminisha kwamba yeye ndiye aliyekuwa mkatili, na mtu aliyetwikwa kosa asilolitenda hutafuta ukweli palepale lilipoanzia.

Jibu: Ndugu, naongeza kwamba kifungo kizito zaidi, na kwangu ndicho kiini cha riwaya, ni kati ya wanawake hao wawili, waliochukiana hadi Anna alipotambua kwamba Tom anamdanganya yeye pia.