Kitambulisho chenye picha kituoni Uingereza: watu wanakwama wapi hasa?

Kisanduku
Wadau, tunaandaa karatasi ya maelezo kwa wapigakura Waswahili walioko Uingereza. Sheria ya Uchaguzi ya 2022 inataka uonyeshe kitambulisho chenye picha kabla ya kupewa karatasi ya kura. Wapo wanaosema pasi yoyote inatosha, na wapo wanaosema lazima iwe ya Uingereza na isiwe imeisha muda. Lipi ni lipi? Na je, kuna watu wanaokosa kura kweli au ni kelele tu?

Mwambao
Pasi ya nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola inakubalika, kwa hiyo ya Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda ni sawa, mradi mtu ameandikishwa. Leseni ya udereva ya Kenya haipiti, wala kitambulisho cha NIDA. Kuisha muda si tatizo iwapo sura kwenye picha bado inakufanana. Msiisahau hii kwenye karatasi yenu: picha ya pasi iliyoko kwenye simu haitambuliki, ni lazima uende na pasi yenyewe mkononi.

Orodha ya vitambulisho vinavyokubalika ina vituko vyake. Kadi ya basi ya mzee inapita, ila kadi ya punguzo la treni ya vijana haipiti, ingawa nayo ina picha.

Zamu ya Asubuhi
Nyongeza kwa asiye na chochote kwenye orodha: kuna cheti cha mpigakura, ni bure. Ajiandikishe kwanza, maana jina lisipokuwa daftarini ombi la cheti haliendi popote. Kisha aombe mtandaoni au kwa fomu ya karatasi, akitoa jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, namba ya Bima ya Taifa na picha. Mwisho ni saa 11 jioni, siku 6 za kazi kabla ya kura. Hesabuni siku za kazi tu! Kwa uchaguzi wa Alhamisi tarehe 4 Julai 2024, dirisha lilifungwa Jumatano tarehe 26 Juni.

Kwa watu wetu, naona majina ndiyo yatakayosumbua kuliko pasi. Daftari lina Fatuma Ali, pasi ina Fatma Ali Salim. Tofauti ndogo ya herufi kwa kawaida haina neno, na msimamizi wa kituo ndiye anayeamua. Jina likiwa limebadilika kabisa, tuseme baada ya ndoa, aende na cheti cha ndoa pamoja na kitambulisho. Anayevaa nikabu ana haki ya kuomba afunue uso faraghani, nyuma ya pazia au chumbani, na anaweza kuomba akaguliwe na mwanamke. Kama kuna karani wa kike pale, ombi hilo litatimizwa.

Hesabu Ndogo
Kuhusu kelele: Mei 2023, mara ya kwanza sharti hili kutumika kote England, Tume ya Uchaguzi ilikadiria kwamba watu wapatao 14,000 walifika kituoni na hawakupiga kura kwa sababu hii, yaani asilimia 0.25 ya waliofika kupiga kura kituoni. Uchaguzi mkuu wa 2024 ilikuwa asilimia 0.08, kama watu 16,000. Lakini soma takwimu hizo kwa uangalifu: karani huandika wale tu waliofika mezani. Aliyesoma bango mlangoni akageuka hayumo, na aliyebaki nyumbani kabisa ndiyo kwanza hayumo. Walipoulizwa waliokaa nyumbani, karibu asilimia 4 walitaja kitambulisho.

Na kusahau hakuchagui mtu. Boris Johnson, ambaye sheria hii ilipita akiwa waziri mkuu, alirudishwa Mei 2024 kwa kukosa kitambulisho. Alikifuata, akarudi kupiga kura.

Kisanduku
Asanteni sana. Na pasi ikipotea asubuhi ya kura?

Zamu ya Asubuhi
Anaomba mwakilishi wa dharura, yaani mtu wa kupiga kura kwa niaba yake, kwenye ofisi ya uchaguzi ya eneo lake kabla ya saa 11 jioni siku hiyohiyo. Mwakilishi lazima aonyeshe kitambulisho chake mwenyewe. Kura ya posta haihitaji kitambulisho chenye picha, ila huwezi kuiombea siku ya kura. Dirisha lake hufungwa siku 11 za kazi kabla.