Kibanda cha mbao bustanini, Moshi: fundi amepaka silikoni mara 4 na bado kinavuja

Wakuu, salaam. Nimejizuia siku 2 nisiandike nikiwa na hasira, lakini hasira haijapungua. Mwezi Juni mwaka jana nilimlipa fundi seremala wa hapa Moshi shilingi 3,200,000 anijengee kibanda cha mbao bustanini, huku Rau, ili mama apate mahali tulivu pa kuweka cherehani yake. Masika ya mwaka huu yalipoanza tu, kikavuja. Fundi nimemwita mara 4, na mara zote alikuja na silikoni, akapaka kwa ndani palipokuwa na doa, akaniambia, "Kaka, hapo kazi imekwisha."

Haikwisha, wala haingeweza kwisha kwa njia hiyo. Maji yakishapenya chini ya bati hufuata papi (mbao zinazoshikilia bati) hadi yakutane na fundo au ncha ya msumari, ndipo yadondoke, pengine mita nzima kutoka kwenye tundu lenyewe. Ukiziba doa kwa ndani unayalazimisha yabaki kwenye mbao, na mbao isiyopata nafasi ya kukauka huoza.

Jumamosi nilifanya kazi ambayo yeye alipaswa kuifanya siku ya kwanza. Mdogo wangu alishika mpira wa maji nje, akaanza chini ya ukuta na kupanda taratibu, dakika 10 kila sehemu, huku mimi nikiwa ndani na tochi. Ukuta ulikuwa mkavu na dirisha lilikuwa kavu. Alipofika kwenye safu ya tatu ya misumari ya bati, maji yaliingia kabla hata sijahesabu hadi 60. Nilipopanda ngazi niliona misumari imepigiliwa kwenye mabonde ya bati, yaani pale pale maji yanapopita, badala ya kwenye migongo, na mingi haina mpira chini ya kofia. Mahali bati la juu linapolalia la chini nilipima sentimita 8 tu, na paa lenyewe lina mwinuko mdogo sana. Kwa paa la namna hiyo, hata sentimita 15 ni za kubahatisha, kwa sababu upepo huyarudisha maji juu.

Kilichoniuma zaidi kiko chini. Boriti ya msingi, ambayo ni ya msonobari, imelazwa juu ya zege bila karatasi ya lami katikati, na ncha zake zilizokatwa hazikupakwa dawa, ingawa kila seremala anajua kwamba mbao hunywa maji kupitia nchani kuliko popote. Upenu hauzidi shubiri moja na gata hakuna, kwa hiyo maji ya paani hupiga ardhi na kurukia ukutani kila mvua inaponyesha. Nilichomeka bisibisi kwenye kona ya mashariki, ikazama kama kwenye ndizi mbivu.

Sasa anadai shilingi 300,000 zilizobaki na kudai kwamba mvua za mwaka huu zimezidi. Masika hunyesha Moshi kila Machi hadi Mei, na yeye ni mzaliwa wa hapa! Sitamlipa hata senti mpaka ang'oe mabati, ayapange upya yakilaliana vya kutosha, apigilie migongoni misumari yenye mpira, arefushe upenu na kufunga gata. Mama amerudisha cherehani sebuleni, na meza yake ya kukatia vitambaa imevimba hadi haifunguki.

Naomba msaada kwa waliowahi kubadilisha boriti ya chini bila kubomoa ukuta: mliinua kibanda kwa jeki upande mmoja mmoja, au mlikata kipande kilichooza na kuunga kingine? Na je, kwa hapa Moshi mlitumia mbao gani?