Mtoto mkimbizi Kigoma asome mtaala wa kwao au wa Tanzania?

Mleta mada:
Wanajamvi, kila wafadhili wakipunguza fedha za shule za wakimbizi tunalalamikia kiasi tu. Leo naomba tubishane zinasomesha nini. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ipo tangu 1996, ilipofunguliwa kwa Wakongomani waliokimbia vita Kivu Kusini. Warundi wakamiminika kuanzia 2015. Sera yetu ni ileile: Mkongomani asome mtaala wa Kongo, Mrundi wa Burundi, maana watarudi kwao. Haya, kuna mtoto aliyezaliwa kambini, pengine na mama yake kazaliwa humohumo. Kutwa anaongea Kiswahili, darasani anakutana na Kifaransa. Kambi ya Kakuma, Kenya, wanafanya mitihani ya Kenya. Uganda wanasoma na wenyeji. Sisi tunaogopa nini?

Wa Kasulu:
Tunaogopa wasirudi, mkuu, tusizunguke. Ukimpa mtaala wetu leo, kesho anadai kidato cha tano, keshokutwa mkopo wa chuo. Sina chuki, Mrundi na sisi Waha wa Kigoma tunaelewana bila mkalimani. Ila watoto wetu nao wamebanana madarasani huku magari ya mashirika yanatupita kwenda kambini. Uganda unayoisifia inataka asilimia 30 ya huduma za wakimbizi ziwafikie wenyeji. Hilo mbona hukulisema?

Wa Baraka, Kongo:
Mimi ni zao la Nyarugusu. Nimesoma humo mtaala wa Kongo mpaka mtihani wa taifa. Niliporudi kwetu Fizi, Kivu Kusini, nilipata kazi ya ualimu kwa cheti hichohicho. Ningesoma kwa Kiswahili hadi la saba, ningerudi na nini mkononi? Msikisingizie Kifaransa. Tulisoma kwa zamu, wengine asubuhi wengine mchana, madarasa mengine chini ya miti. Ubao umeegemezwa kwenye shina, mawingu yakitanda mwalimu anaanza kufuta, masomo yameisha. Mtaala gani unaponya hilo?

Mleta mada:
Ndugu yangu, wewe ulipata pa kurudi. Januari 2025 waasi wa M23 wameingia Goma, mashariki mwa Kongo, Februari Bukavu. Januari hiyohiyo Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na wapo waliokuwa wameuza hadi sufuria wakisubiri ndege. Hao unawaandaa kwenda wapi? Na wa Kasulu, Warundi waliokimbia 1972, wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, watoto wao wamesoma mtaala wetu, na watu kama 162,000 wakapewa uraia. Nchi imeanguka?

Dada wa ustawi wa jamii:
Jamani, mnagombania kitabu. Niliwahi kufanya kazi ya ulinzi wa watoto kambini. Mtoto akiacha shule, wa kiume anapotelea mashambani kwa watu, analipwa chakula. Wa kike anatumwa kuni, na visa vibaya nilivyopokea vingi vilianzia huko kwenye kuni. Shule, hata mbovu, ilikuwa inatuambia nani hajaonekana wiki hii. Fedha zikikatwa, wanaoumia mapema ni walimu wakimbizi wanaolipwa posho. Mwalimu ana watoto wa kulisha, atakwenda kulima. Hapo si mtaala wa Kongo wala wa Tanzania wenye wa kuufundisha. Kwangu mimi posho ya mwalimu kwanza, mtaala baadaye.

Wa Kasulu:
Hapo kwa dada nakubali. Ila posho hiyo ikija, na shule za vijiji jirani zipate madawati.

Mleta mada:
Dada, "baadaye" hiyo tumeisikia tangu 1996. Pendekezo langu: wanaoanza darasa la kwanza waingie mtaala wa Tanzania, Kifaransa kibaki kama somo, walio madarasa ya juu wamalize walichoanza. Na mitihani isimamiwe na NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, ili cheti kifae na nje ya kambi.

Wa Baraka, Kongo:
Kifaransa kibaki somo, sawa. La kwanza wanasoma kwenu, la sita wazazi wanaambiwa wakati wa kurudi umefika. Mtoto huyo, sisi huku Baraka tunampokea darasa la ngapi?